Shimo Chini ya Mnara

Kila anayemtaja Nikola Tesla huanza na mnara. Picha yake umeshaiona, msomaji, hata kama hukumbuki wapi: mnara wa mbao wenye kimo cha mita 57, kichwani umevaa kofia mfano wa uyoga, umesimama peke yake kule Wardenclyffe, katika kisiwa cha Long Island, Marekani. Ulianza kujengwa mwaka 1901. Mwaka 1917 ukabomolewa, na mabaki yake yakauzwa kupunguza deni la hoteli aliyokuwa akilala bwana mkubwa bila kulipa. Hadithi tamu, ina shujaa, ina tajiri, ina anguko. Lakini chini ya mnara ule palikuwa na shimo, na shimo hilo halina picha kwenye vitabu.

Lilikwenda chini kama mita 36. Kutoka kitako chake mabomba ya chuma yalisukumwa yazidi kuzama. Tesla alipokuja kuhojiwa mahakamani miaka ya baadaye kuhusu mali ile, alieleza kwamba ilibidi mashine yake iikamate dunia kwanza, iishike barabara, vinginevyo isingeweza kuitikisa. Wengi hudhani alitaka kurusha umeme hewani kama redio inavyorusha taarabu. La hasha. Alitaka kuutia umeme ardhini, dunia nzima itikisike kama maji ndani ya mtungi, ili mtu popote alipo achomeke chuma uani kwake na kuchota. Bila waya, bila nguzo, na bila kusubiri mtu wa mita.

Sisi vijana tunaojifunza kuandika tunapenda minara. Mnara unaonekana toka mbali na una kivuli cha kusimulia. Shimo lina giza, basi tunaliruka. Leo nataka tushuke, kwa sababu swali la Tesla halijafa. Limepungua ukubwa tu. Siku hizi hakuna mhandisi wa maana anayeuliza kama ardhi inaweza kuwasha taa za mji mzima. Wanachouliza ni hiki: kifaa kidogo kilichofukiwa mita 500 au 3,000 chini, cha kupima joto, msukumo, gesi au mtikisiko wa mwamba, kile ambacho wataalamu wanakiita kihisi, kitapata wapi nguvu za kufanyia kazi betri yake ikishakufa? Nani atashuka kuibadilisha? Na kama aliyefukiwa si kifaa bali mtu mwenye taa kichwani, je?

Tuanze nyuma kidogo ya Tesla, maana naye hakuanza hewani. Mwaka 1838 mwanasayansi Carl August von Steinheil wa Munich alikuwa anajaribu kupeleka simu ya maandishi kwa kutumia vyuma vya reli badala ya nyaya. Ikashindikana. Umeme ulikuwa unavuja kutoka kwenye reli kwenda ardhini. Mtu mwingine angeitukana reli akaenda kulala. Steinheil akajiuliza, kama ardhi inaupokea umeme kirahisi namna hii, kwa nini tunanunua nyaya mbili? Zamani kila simu ilihitaji waya wa kwenda na waya wa kurudi. Yeye akabakiza mmoja, na wa kurudi akauacha ardhi yenyewe iwe. Gharama ya nyaya ikapungua nusu, kwa sababu ya kosa la reli. Miaka minne baadaye, 1842, Samuel Morse akapitisha ishara ng'ambo ya mfereji wa Washington kwa kutumia maji yenyewe, hakuna waya uliovuka. Kwa hiyo Tesla alipofika Colorado Springs mwaka 1899 na koili zake za kutisha, wazo la kuifanya dunia kuwa waya lilikuwa limeshazeeka.

Kilichokuwa kipya ni tamaa. Hao wa kwanza walipeleka habari, tena kidogo: nukta na mistari. Tesla akasema tupeleke nguvu. Kule Colorado alipima radi mwezi Julai, akaona mapigo yanapanda na kushuka kadiri dhoruba ilivyokuwa ikienda zake, akaamini ameisikia dunia ikilia kama kengele. Ipo hadithi maarufu kwamba aliwasha taa 200 umbali wa kilomita 40 bila waya. Hadithi hiyo haina ushahidi wa kuaminika, wala ile nyingine ya tajiri J. P. Morgan kuuliza mita itafungwa wapi. Tunachokijua ni kwamba Morgan alitoa dola 150,000, akitaka mawasiliano ya kuvuka bahari ya Atlantiki. Desemba 1901 Marconi akadaka herufi moja, S, kutoka ng'ambo, kwa vifaa rahisi zaidi. Tesla akamwandikia tajiri wake kwamba, kumbe, mpango mkubwa hasa ulikuwa umeme wa dunia nzima, tena hela zaidi zinahitajika. Morgan akakataa. Mimi sioni ajabu. Ukiazima mtu hela ya baiskeli halafu akwambie alikuwa anaunda meli, utamwongeza?

Sasa ilikuwaje hesabu ikakataa? Hapa nivumilie, nitatumia namba kidogo.

Ardhi ni mlafi. Ina unyevu, ina chumvi, na kila wimbi la umeme linaloingia humo hugeuzwa joto kidogo kidogo. Chukua udongo wa kawaida wenye unyevunyevu. Wimbi la redio linalotikisika mara milioni moja kwa sekunde, lile la masafa ya kati tuliyosikilizia mpira, likizama mita 5 tu hubakiwa na kama theluthi moja ya kimo chake. Mita 5 nyingine, theluthi ya hiyo theluthi. Likifika mita 50 limebaki chini ya sehemu moja katika elfu ishirini. Ndiyo maana redio hunyamaza ukiingia kwenye handaki.

Dawa yake ipo: punguza mtikisiko. Wimbi linalotikisika mara 1,000 kwa sekunde huenda kama mita 160 kabla ya kupungua kiasi kilekile. La mara 10 kwa sekunde hufika kilomita moja na nusu. Kadiri unavyonong'ona kwa sauti nzito ndivyo ardhi inavyokuachia. Lakini wimbi zito namna hiyo huwezi kulilenga, wala huwezi kulikusanya kama mwanga wa tochi. Unachobaki nacho ni uga wa sumaku uliozunguka koili yako, na huo nao una sheria yake mbaya: umbali ukiongezeka maradufu, nguvu unayoweza kuchota hushuka mara 64. Si nusu, wala robo. Mara 64. Ukienda mara nne ya umbali ule, gawanya kwa 4,096.

Basi hapo ndipo mgogoro wote ulipo. Habari inaweza kuishi kwa makombo, kwa sababu sikio likiwa kali na mpokeaji akiwa na subira, sehemu moja ya bilioni inatosha kutofautisha nukta na mstari. Nguvu haiishi kwa makombo. Ukituma wati 1,000 ikafika sehemu moja ya bilioni, hujawasha hata taa ya kiberiti. Mzee Tesla alichanganya vitu viwili vinavyofanana sura: kusikika na kulisha.

Walioligundua hilo kwa uchungu zaidi walikuwa askari. Katika Vita Kuu ya kwanza, kwenye mahandaki ya Ufaransa, nyaya za simu zilikatwa na mabomu kila siku, na aliyetumwa kuziunga mara nyingi hakurudi. Wafaransa, na baadaye Waingereza, wakarudi kwa wazo la Steinheil. Unachomeka misumari miwili mikubwa ya chuma ardhini, imeachana kama mita 100, unapitisha umeme unaokatikakatika kwa mlio wa nyuki, na kilomita kama mbili nyuma jamaa mwingine naye kachomeka misumari yake, kavaa visikilizio, ana kikuza sauti chenye balbu za redio ambazo wakati huo zilikuwa mpya kabisa. Anasikia. Udongo uleule unaochimbuliwa na mizinga ndio unaobeba ujumbe wa kuomba mizinga inyamaze.

Ilifanya kazi. Lakini sehemu isiyosimuliwa sana ni betri. Zile betri za asidi zilikuwa nzito mithili ya gunia, zikiisha lazima zibebwe mgongoni kurudi nyuma zikachajiwe, halafu zibebwe tena kwenda mbele, usiku, kwenye tope, chini ya risasi. Ardhi ilikuwa imekubali kubeba maneno bure. Nguvu za kuyasema ilibidi zibebwe na binadamu.

Tena ardhi haina siri. Wajerumani walikuwa na vituo vya kunasa mazungumzo tangu mwaka 1915, kwa misumari hiyohiyo, maana simu za Waingereza zilizotumia ardhi kama waya wa kurudi zilimwaga maneno pande zote. Kwenye kazi hiyo ya kudukiza, mwanafizikia Heinrich Barkhausen akaanza kusikia miluzi, sauti inayoanza juu na kushuka taratibu, fiiiuuu, kama bomu linalokuja. Aliandika juu yake mwaka 1919. Ikachukua zaidi ya miaka 30 kufahamika kwamba ule ulikuwa mlio wa radi, umesafiri nje kabisa ya anga ukarudi. Jamaa kachomeka msumari kwenye tope kumsikiliza adui, anasikiliza mbingu. (Nani kati yetu ataiandika hadithi hiyo? Naitoa bure.)

Baada ya vita, kina ndugu Conrad na Marcel Schlumberger wakachukua njia ya watu wasio na makuu. Walitaka kujua kuna nini ndani ya visima vya mafuta. Tarehe 5 Septemba 1927, huko Pechelbronn, Ufaransa, vijana wao walishusha kipimo cha umeme kisimani kwa waya, wakasoma namba mita kwa mita, wakachora mstari kwa mkono. Kwa waya, bwana. Hawakutaka muujiza. Biashara nzima ya kupima visima duniani imekua kutoka kwenye waya ule, na ukiwauliza wahandisi wa leo watakuambia bado ni njia ya uhakika kuliko zote, ila ni ghali, waya hukatika, na wakati wa kuchoronga hauna pa kupita.

Kwa hiyo wakatafuta njia nyingine, na kwa muda mrefu njia hizo hazikuwa na umeme hata kidogo. Tangu mwaka 1978 vifaa vilivyoingia sokoni vilitumia tope linalosukumwa ndani ya bomba la kuchoronga: valvu inafunga na kufungua kule chini, tope linadundadunda kama mapigo ya moyo, na juu wanasoma. Tope hilohilo likazungusha feni ndogo ya kufua umeme. Lakini feni inataka tope litembee. Kisima kikishakamilika, tope likatolewa, unabaki na betri. Betri za lithi, ambazo ndizo zenye nguvu, zina adui mmoja: madini ya lithi yenyewe huyeyuka kwenye nyuzijoto 180 hivi. Ikiyeyuka ndani ya kopo lililozibwa, hiyo si betri tena, ni kombora.

Sasa njoo Olkaria, Kenya, ambako mtambo wa kwanza wa umeme wa jotoardhi, wa megawati 15, uliwashwa mwaka 1981. Visima vya pale vinapita nyuzijoto 300. Utaweka betri gani? Kwa miaka mingi kipimo kilichoshushwa kwenye visima vya namna hiyo, vya Olkaria vikiwemo, kilikuwa kile kinachoitwa Kuster: bomba la chuma lenye saa ya kujaza funguo ndani yake, na ncha kali inayokwaruza mstari juu ya kipande chembamba cha bati. Unaijaza saa, unashusha kwa waya, unangoja, unapandisha, unakisoma kile kikwaruzo kwa hadubini. Nguvu zote za kihisi kile zilitoka kwenye vidole vya fundi aliyekaza springi asubuhi. Mimi nikiambiwa nichague kitu kimoja cha kuweka kwenye makumbusho ya habari hii, nitauacha mnara, nitachukua hicho.

Wakati huohuo, mbali na visima, mtu mwingine alikuwa ameshalijibu swali letu kwa upande mwingine kabisa, tena akiwa mfungwa. Agosti 1945 watoto wa Kisovieti walimzawadia balozi wa Marekani mjini Moscow nembo ya taifa lake iliyochongwa kwa mti, kazi safi. Balozi, Averell Harriman, akaitundika kwenye chumba chake cha kazi nyumbani. Ikakaa miaka saba. Mabalozi wakaja, wakaondoka, nembo iko ukutani. Mwaka 1952 ikagundulika kwamba ndani yake mna sikio.

Sikio hilo halikuwa na betri. Halikuwa na waya. Lilikuwa kikopo cha shaba chenye ngozi nyembamba ya chuma upande mmoja, na kijiti cha antena. Limekaa kimya kama jiwe, hata ukilipima hupati kitu. Hadi hapo gari lililoegeshwa nje linapolimulika kwa wimbi la redio: hapo ndipo kikopo kinapata nguvu, ngozi inatetemeka kwa sauti za wanaozungumza, na wimbi linarudi nje likiwa limebeba maneno yao. Aliyeliunda ni Leon Theremin, yule mvumbuzi wa chombo cha muziki kinachopigwa bila kuguswa. Alikifanya akiwa kwenye gereza la wanasayansi. Mei 1960 Wamarekani wakaitoa nembo hadharani Umoja wa Mataifa, dunia ikacheka na kuogopa.

Kaa ufikiri hapo. Tesla alitaka kusukuma nguvu nyingi zifike mbali. Theremin alifanya kinyume: alikiondolea kifaa njaa. Kama kihisi hakili karibu chochote, hata makombo ya wimbi yanakitosha, na si lazima kizungumze, kinaweza kurudisha tu kile kilichomulikwa, kama kioo. Oktoba 1948 Harry Stockman alichapisha Marekani makala juu ya mawasiliano kwa nguvu inayorudishwa, naye hakujua kuna nembo inafanya hivyo ukutani kwa balozi wake. Kadi unayogusisha kwenye kisoma-kadi mlangoni, isiyo na betri, ni mjukuu wa mawazo haya. Ila inabidi uigusishe, au karibu na kugusisha. Ule mgawanyo wa mara 64 hausamehi hata mjukuu.

Na ile njia ya kunong'ona kwa sauti nzito? Serikali zenye hela ziliijaribu mpaka mwisho. Kuanzia 1989 hadi 2004 jeshi la wanamaji la Marekani lilikuwa na mitambo Wisconsin na Michigan iliyotumia mwamba wenyewe kama sehemu ya antena, nyaya za makumi ya kilomita, mtikisiko wa mara 76 kwa sekunde. Ilikula megawati, ikatoa mawimbi ya wati chache tu. Kupeleka herufi tatu kulichukua dakika kadhaa. Wimbi lilifika kwenye nyambizi chini ya bahari, likasikika. Lakini nyambizi ilikuwa na tanuri lake la nyuklia, haikuomba chakula, iliomba neno tu.

Wachimba migodi hawana tanuri la nyuklia. Hapa ndipo historia hii inapoacha kuwa ya maabara.

Alfajiri ya tarehe 2 Januari 2006, mgodi wa makaa wa Sago, West Virginia, ulilipuka. Wachimbaji 13 walinasa ndani. Mmoja aliuawa na mlipuko wenyewe, wengine 12 wakajikinga kwa mapazia, wakakaa kusubiri, hewa ya sumu ikizidi. Walipiga nyundo kwenye vyuma vinavyoshikilia paa, kama walivyofundishwa, ili walio juu wasikie. Hakuna aliyesikia. Walipofikiwa baada ya zaidi ya saa 40, mmoja tu alikuwa hai.

Uchunguzi wa chanzo ndio ulionikamata mimi. Sehemu iliyolipuka ilikuwa imefungwa kwa ukuta, haina watu, haina mitambo inayofanya kazi. Cheche ilitoka wapi? Serikali ya Marekani ilihitimisha kwamba chanzo kinachoelekea zaidi ni radi. Radi ilipiga juu, na nguvu yake ikapita kwenye mwamba bila waya wowote kuiunganisha na kule chini, ikaukuta waya wa pampu ya zamani uliotelekezwa ndani ya eneo lile. Ule waya ukaipokea, kama antena. Majaribio yaliyofanywa pale na maabara ya Sandia yalionyesha kwamba jambo hilo linawezekana.

Yaani kile alichokiota Tesla kilitokea. Nguvu ya umeme ilipita ardhini bila waya ikafika mahali ikafanya kazi. Mashine iliyoituma ilikuwa radi nzima, na kilichoipokea ni waya uliosahauliwa.

Juni mwaka huohuo sheria mpya ilitiwa saini, ikitaka ndani ya miaka mitatu migodi ya makaa ya Marekani iwe na mawasiliano ya pande mbili yasiyo ya waya. Miaka mitatu ikaisha. Wenye migodi wakasema kitu kisicho na waya kabisa hakipo bado sokoni, na serikali ikakubali nusu yake: nyaya zinazovujisha mawimbi makusudi kando ya njia, na redio za mkononi karibu nazo. Waaustralia walikuwa wametangulia na mtambo uitwao PED, unaonong'ona kupitia mwamba kwa sauti nzito na kuandika ujumbe kwenye kifaa kinachokula betri ya taa ya kofia. Novemba 1998 ulisaidia kuwaondoa watu kwenye moto katika mgodi wa Willow Creek, Utah. Ila ulisema upande mmoja tu. Juu wanaweza kumwambia aliye chini akimbie. Aliye chini hawezi kujibu kwamba mguu umevunjika, kwa sababu kujibu kunataka nguvu, na nguvu yake ni betri moja kiunoni.

Chile, 2010, tunaikumbuka wote. Watu 33 chini ya kama mita 700, mgodi wa San José. Siku ya 17 ncha ya kuchoronga ikatoboa hadi kwao, nao wakaigonga kwa vyuma. Walio juu wakaweka masikio kwenye bomba wakasikia. Baadaye ncha ikatoka na karatasi imefungwa. Kilichopitisha habari ya kwanza ni chuma kilichokuwa tayari kimesimama kati yao. Baada ya hapo zikashushwa nyaya, na chakula ndani ya mirija.

Nakazia chuma kwa sababu ndiko utafiti wa leo ulikoelekea. Mwaka 2006 Ian Akyildiz na Erich Stuntebeck walichapisha makala iliyolipa jambo hili jina lake, mitandao ya vihisi vya chini ya ardhi isiyo na waya, na tangu hapo watu wamejaribu koili za sumaku zinazopokezana kama mbio za vijiti. Mwaka 2007 kundi la Marin Soljačić, chuo cha MIT, liliwasha balbu ya wati 60 umbali wa mita 2 bila waya, na kiasi cha asilimia 40 ya nguvu ikafika. Soljačić alisimulia kwamba wazo lilimjia usiku, simu ya mkewe ikilialia betri imeisha. Mita 2 za hewa ya chumbani. Tumsifu, lakini tusimpeleke kisimani.

Kisimani wanafanya hivi: visima vingi vya mafuta au vya mvuke vimevishwa bomba la chuma kutoka juu kwenda chini. Bomba hilo linaweza kupitishiwa umeme, au koili mbili zikatazamana kupitia nafasi ya sentimita chache, moja ndani, moja nje, nguvu ikaruka pale. Kihisi kinaamka, kinapima, kinasema namba zake, kinalala. Wenzangu wenye moyo wa ushairi watasema hiyo si bila waya, ni waya mnene. Kweli kabisa. Ndiyo maana inafanya kazi.

Tatizo langu ni wale wasio na bomba. Mchimbaji mdogo wa Kanda ya Ziwa anashuka kwenye duara alilolichimba kwa sururu, limeshikiliwa na matimba, ngazi ni magogo, kamba ni katani. Mwanaapolo wa Mererani anatambaa mamia ya mita kufuata mshipa wa tanzanite. Machi 2008 mvua ilipoyajaza mashimo yale, makumi ya wenzake hawakutoka. Hakuna chuma kilichosimama kati yake na jua. Kila njia niliyoieleza hapo juu inayofanikiwa inadai kitu ambacho mgodi wenye mtaji unacho tayari, na duara halina: bomba, waya wa kando ya njia, au koili kubwa juu yenye jenereta yake. Utafiti haujamsahau kwa chuki. Umefuata chuma tu, na chuma kimefuata hela.

Tarehe 5 Oktoba 2015, huko Nyangalata, wilayani Kahama, mkoani Shinyanga, mgodi uliporomoka na wachimbaji sita wakafukiwa. Wakatafutwa, wakakatiwa tamaa. Kule chini walikula mizizi, mende na vyura, wakanywa maji yaliyodondoka kwenye mwamba. Mmoja alikufa. Tarehe 15 Novemba, siku ya 41, watano walitolewa wakiwa hai, baada ya wachimbaji wenzao waliokuwa wakifanya kazi pale kusikia sauti ikitoka ardhini. Hawakuwa na kipimo chochote. Walisimamisha kazi, wakainama, wakasikiliza tena.